Mamba Watatu Katika Karata Tisini

Nilizichukia zile karata kabla sijamchukia mwenye nazo. Zilikaa ndani ya kopo la biskuti, kila moja imevalishwa kijifuko chake cha nailoni, na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hakuruhusu mtu azishike kabla ya kunawa mikono. Jamaa yao aliyeishi Ubelgiji ndiye aliyempelekea. Zilikuwa na mazimwi, wachawi na mawe yanayotembea, maandishi yake ya Kifaransa, na shemeji alipoiweka moja mkekani alikusomea yote, taratibu, hata kama umeisikia mara ishirini. Kabla ya kugawa alilamba kidole gumba. Mpaka leo nikimwona mtu analamba kidole ili afunue ukurasa, natoka chumbani.

Tulikuwa tunaishi kwake, na ubaya wote ulianzia hapo. Vita vilipofika kwenye mlima wa nyuma yetu tulikimbia kutoka Minago, tukaingia Rumonge mjini, kando ya ziwa, na nguo tulizovaa, naye akatupa chumba alimokuwa akiweka mapipa ya mawese, nyuma ya parseli yake, yaani kiwanja cha nyumba yake. Baba yao alibaki Minago. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kutembea, na nyumba ilichomwa naye akiwa ndani. Sote tulilijua hilo, na pale nyumbani hakuna aliyelitaja.

Wakati ule kila parseli ya mtaa wetu ilitakiwa kutoa mwanaume mmoja kila Jumamosi kwa ajili ya irondo, yaani doria ya raia. Mtu alipewa filimbi, akajitafutia fimbo, akazunguka na wenzake mpaka alfajiri kati ya michikichi na barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Wenye bunduki wa pande zote mbili walipita humo humo. Waasi wakiwakuta waliwaita vibaraka wa jeshi, na askari wakiwakuta waliwauliza wanampelekea nani habari. Msimu ule wanaume wawili wa mtaa wetu walikwenda na fimbo zao, na zilizorudi ni fimbo tu.

Kwetu kulikuwa na wanaume wawili. Njia ya haki ilikuwa kupokezana, wiki hii huyu na wiki ijayo yule. Wao walicheza karata. Jumamosi baada ya alasiri walikaa barazani, wakacheza mara moja, na aliyeshindwa ndiye aliyekwenda. Tangu tulipohamia pale mume wangu alikuwa ameshindwa kila Jumamosi. Sizidishi chumvi. Kila Jumamosi.

Mimi siku hiyo nilikuwa sili. Jumapili nilikaa mlangoni nikiangalia lango mpaka nione viatu vyake. Nilikuwa nina mume mmoja tu, sikuwa na nyumba, sikuwa na mtoto, na shule niliyofundisha ilifunguliwa siku mbili ikafungwa kumi. Nilitaka huyo mmoja abaki hai. Sikuwa na tamaa nyingine yoyote.

Mwalimu akiona mtoto yule yule anafeli kila mara, huanza kuuchunguza mtihani. Nikakaa nikautazama ule mchezo. Shemeji alikuwa na karata zaidi ya mia mbili. Alitumia juma zima kujichagulia arobaini bora, kisha Jumamosi akamsukumia mume wangu zilizobaki, mazimwi mazee na wachawi wasio na kazi, akamwambia ajipangie. Hapo hapakuwa na bahati hata chembe. Aliyekuwa na mali alimshinda asiye nayo, na wakauita huo mchezo.

"Shemeji," nikamwambia siku moja mbele ya watu, "hii si mchezo. Weye uko na karata zote."

"Sasa? Si ni zangu?"

"Basi mugawane sawa."

"Mwalimu, hii zimwi imetoka Bruxelles na ndege. Unataka niigawe na mutu alikuja hapa mikono mitupu?"

Mume wangu alikuwa ameketi palepale, umbali wa mkono. Aliangalia kucha zake.

"Kama haikupendezi," shemeji akaongeza, "tengeneza zako."

"Nikitengeneza, utazicheza?"

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nitazicheza. Hata za majani ya mugomba nitazicheza."

Walisikia majirani wawili. Mmoja alikuwa fundi baiskeli wa jirani, mzee mpole aliyefunga kazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kupanda baiskeli kwenda mbali. Wa pili alikuwa mama Mkongomani aliyekimbia kutoka upande wa Uvira, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, mwenye sauti ya kuvuka ng'ambo. Huyo alipiga makofi mara moja. "Umesema, baba! Tumesikia siye wote!" Shemeji akawa amejifunga.

Nilianza kesho yake. Pesa sikuwa nayo, lakini shule za nchi yetu zilinifundisha kutengeneza kila kitu kwa vilivyotupwa. Niliokota maboksi ya sabuni kwa wenye maduka, nikachukua majalada ya madaftari yaliyoisha, nikapata na katoni moja ya biskuti za msaada iliyoloa pembeni. Wembe nilikuwa nao, rula nilikuwa nayo, na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu, za kusahihishia. Nikakata kipande kimoja kwa kipimo cha kiganja changu, nikakifanya kiolezo, nikakata tisini.

Wazo lenyewe lilikuwa hili, na bado naliona ni zuri. Hakuna mtu atakayekuja na karata zake. Zote tisini ni za wote, zinakaa kwenye mfuko mmoja, na siku ya mchezo zinachanganywa. Kila mchezaji anapewa tano zimefunikwa. Anazitazama, anachagua moja, anaiweka kwake, na nne zinazobaki anampa jirani wa kushoto, huku yeye akipokea nne kutoka kulia. Anachagua tena, anapitisha tena, mpaka zimekwisha. Wanafanya hivyo mara tatu. Mwishoni kila mtu ana karata kumi na tano alizojichagulia mwenyewe, na mwenye jamaa Ubelgiji hana tofauti na aliyelala kwenye chumba cha mapipa. Mchezo ukiisha, zote zinarudi mfukoni.

Nilichora vitu vya kwetu. Ndagala, nyavu, mtumbwi, mchikichi, mvua, jabali, mwewe, mamba. Kila karata ilikuwa na nambari ya bluu ya nguvu na nambari nyekundu ya gharama. Gharama ililipwa kwa kokwa za mawese, ambazo zilijaa chini kila palipokamuliwa mafuta, huna haja ya kumwomba mtu. Kila zamu unaongezewa kokwa moja. Ndagala aliuzwa kwa kokwa moja, mamba kwa tano. Kila mchezaji alianza na maharagwe kumi, na karata ya mwenzako ikipenya kwako, unayatoa kwa kadiri ya nguvu yake. Maharagwe yakiisha, umekwisha.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilifurahia kuchora mamba, nikachora kumi, na tulipojaribu na yule mama Mkongomani ikawa anayewapata wengi ameshinda kabla ya kukaa vizuri. Huo ulikuwa mchezo wa shemeji uleule, umebadilishwa nguo tu. Nikawachana mamba saba, nikabakiza watatu. Halafu nikaona hata watatu wanatisha mno, nikaongeza karata ya nyavu. Nyavu haina nguvu yoyote. Gharama yake kokwa mbili, na kazi yake moja: inamtoa mkekani mnyama yeyote, hata mamba. Nikazichora kumi na mbili, nikaondoa karata nyingine tano ili zibaki tisini. Niliona raha kubwa kuzichora, kuliko mamba.

"Mwalimu, hapa hakuna basoda?" yule mama akaniuliza akizipekua.

"Askari wako tele barabarani. Huku ndani sitaki."

"Ata silaha moja?"

"Ata moja."

Ikabaki migongo. Boksi la sabuni lilikuwa na mgongo wa kijivu, daftari lina mgongo wa kijani, katoni ya biskuti ina rangi ya udongo, na mwenye macho angejua baada ya michezo miwili kwamba mamba mmoja ni wa kijani. Nikafikiri siku nzima. Kisha nikafanya lile ambalo mtu wa Rumonge hulifanya kwa mlango unaokwaruza, kwa ngozi iliyokauka na kwa mtoto mwenye upele. Nikapaka mawese. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta yaliyosalia ndani ya pipa, nikasugua migongo yote tisini, nikaiacha siku mbili, nikaipangusa kwa unga wa muhogo ili isinate. Ikatoka rangi moja, nyekundu iliyoiva, inayong'aa. Nilizipanga mkekani nikaziangalia kwa majivuno ambayo sasa yananitia aibu.

Jumamosi ya kwanza walikaa wanne barazani, kwa sababu kuchagua kwa zamu kunapendeza zaidi mkiwa wengi. Shemeji alikaa pale alipokaa siku zote, mgongo ukutani, uso ziwani. Mume wangu mbele yake, kaupa ziwa mgongo. Walipitisha, wakachagua, halafu ndugu wawili wakacheza wao kwa wao kwa ajili ya irondo. Mume wangu alishindwa.

Nikajiambia ni mara moja, na mara moja haina maana. Jumamosi ya pili alishindwa tena. Ya tatu nilikuwa natoka jikoni na chai, nimesimama kwenye mlango nyuma ya shemeji, jua la saa kumi limeshuka juu ya milima ya Kongo na kuwaka juu ya maji yote. Mume wangu ameinua karata zake mbele ya kifua. Na mimi, niliyesimama upande wa migongo, nikamwona ndagala. Nikaona na nambari yake, imegeuzwa. Nikaona jabali. Nikaona mtumbwi.

Karatasi ikinywa mafuta hupitisha mwanga. Kila mtoto wa Rumonge aliyewahi kufungiwa maandazi kwenye gazeti analijua hilo. Mimi mwalimu, mke wa familia ya wauza mawese, nilipaka mafuta karata tisini kwa mikono yangu na nikamkalisha adui yangu mahali ambapo jua lilimsomea mkono wa mume wangu.

Niliweka chai chini kwa kishindo, ikamwagika.

"Unaona!" nikamwambia shemeji. "Unaona karata zake, tangu siku ya kwanza unaona!"

Hakushtuka hata kidogo. "Naona. Sasa? Mimi iko kipofu?"

"Na ukanyamaza?"

"Ni weye ulipaka. Nilifikiri ndiyo mutindo wa shule."

Yule mama Mkongomani aliangua kicheko, akajizuia aliponiona. Fundi baiskeli alianza kukusanya maharagwe yasiyomhusu. Nilimwita shemeji mwizi. Nilimwita mwoga, nikasema mwanaume anayemtoa mdogo wake kafara kwa kuchungulia karatasi hana haja ya kuvaa suruali. Yote haya barazani kwake, chini ya bati lake. Mume wangu alinishika mkono akasema, "Basi, basi," kwa sauti ndogo, na hiyo "basi" yake iliniudhi kuliko kicheko cha kaka yake. Jioni hiyo mume wangu ndiye aliyekwenda doria.

Nilianza upya. Safari hii sikuwa mwalimu, nilikuwa mtu mwenye kisasi. Nilikata tisini nyingine, kila moja tabaka mbili, katikati nimetia karatasi iliyosuguliwa makaa, nimezigandisha kwa uji mzito wa muhogo na kuzikandamiza chini ya mawe ya jikoni siku tatu. Migongo nikaipaka masizi yaliyokorogwa na uji ule ule, ikawa myeusi tititi. Niliinua kila moja juani. Hakuna kilichopita. Nikahamisha na mkeka, nikautandika kwa upana, ili jua limpige kila mtu ubavuni.

"Sasa tuone," nikamwambia shemeji.

"Tuone, mwalimu," akasema, akalamba kidole.

Mume wangu alishindwa.

Nilirudi chumbani nikazimwaga karata zote chini. Nikahesabu nguvu na gharama, nikatafuta kosa. Nilicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto mpaka vidole vikawa vyeusi. Kosa halikuwepo. Kila upande ulishinda sawasawa na mwenzake. Wiki iliyofuata alishindwa tena, na fundi baiskeli, ambaye hakuwahi kumshinda mtu katika maisha yake, akamshinda pia katika mchezo wa kujifurahisha.

Basi Jumamosi nyingine niliomba niketi kando ya mume wangu wakati wa kuchagua. Nilisema nataka kuona kama karata zimejikunja. Shemeji alikuwa kushoto kwake, maana yake kila alichokiacha mume wangu kilikwenda moja kwa moja mikononi mwa kaka yake. Wakagawiwa tano tano. Mume wangu akafungua zake kidogo, kama mtu anayeficha barua. Ndagala. Mvua. Nyavu. Ndagala mwingine. Mamba.

Kidole chake kilipita juu ya mamba, kikasimama, kikaendelea. Akamchukua ndagala. Nne zilizobaki akazifunika vizuri, akazisawazisha pembe, akampa kaka yake.

Mzunguko wa pili akapata mtumbwi mzuri, akaupitisha. Mzunguko wa tatu mamba mwingine alimjia kutoka mkono wa yule mama, ambaye alipenda nyavu. Akampitisha pia. Shemeji alimpokea bila kuinua macho, na sikuona mshangao wowote usoni mwake. Ndipo nikajua kwamba hata zile karata za mafuta hazikuwa na kosa lolote kubwa. Ningeweza kuzitengeneza kwa dhahabu, na bado angeshindwa.

Nilimngoja chumbani, alipoingia kuchukua koti.

"Unampa mamba."

Hakujifanya hajui. "Ndiyo."

"Mimi nakatika vidole, naokota maboksi, natukanwa, ili weye ushinde. Na weye unampa mamba!"

"Nani alikuambia nataka kushinda?"

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Hakunizuia, alisubiri tu, na mkono ukashuka wenyewe.

"Baiskeli ilikuwa moja," akasema. "Baba alikuwa ameketi kwenye kiti pale mlangoni. Nikakupakia weye. Nilimwambia narudi. Halafu njia ikafungwa." Akatafuta tundu la kifungo, akalikosa, akalitafuta tena. "Kaka anajua. Hajaniambia neno moja. Ametupa chumba. Unataka nimushinde karata ili yeye aende kule, mimi nilale?"

"Lakini ungekuwa umemwacha mkeo!"

"Sikumwacha."

Akatoka. Nilibaki nimesimama kati ya mapipa na hasira ilikuwa bado imejaa, ila sikujua tena niielekeze kwa nani. Nilimchukia kaka yake kwa kupokea. Nilimchukia yeye kwa kulipa. Nikamchukia na yule mzee, Mungu anisamehe, kwa kuwa na miguu mibovu. Lile nililopaswa kulifikiri kwanza, kwamba mtu aliyeketi nyuma ya baiskeli nilikuwa mimi, nililisukuma mbali, kwa sababu lingenifanya ninyamaze, na kunyamaza sikutaka.

Jumamosi iliyofuata, watu walipokuwa wananawa mikono, nilikwenda nikakaa mkekani mahali pa mume wangu.

"Leo nacheza mimi," nikasema.

"Irondo haina wanawake," shemeji akajibu.

"Sitaenda irondo. Nacheza kwa ajili yake. Nikishindwa, anaenda. Nikishinda, unaenda weye. Au unaogopa karata za maboksi?"

Mume wangu alisimama kwenye nguzo ya baraza. Alisema, "Acha," mara moja tu. Yule mama Mkongomani alikuwa amekwisha kaa, anakunja kitenge magotini, macho yanamng'aa. Shemeji alitazama watu, akaona hawezi kukataa, akalamba kidole.

Nilichagua vibaya kwa makusudi, au hivyo ndivyo walivyodhani. Mamba wa kwanza nilimpitisha kwake, kama mume wangu alivyofanya. Wa pili nikampitisha. Aliwapokea akatabasamu, akafikiri mimi na mume wangu ni damu moja. Mimi nilikusanya nyavu. Nyavu saba, na ndagala sita, na mwewe wawili waliobaki mwisho kwa sababu hakuna aliyewataka. Hizo ndizo karata nilizozichora kwa raha, karata za bei rahisi, na hakuna mtu duniani aliyezijua nambari zake kama mimi.

Tukacheza. Zamu moja niliteremsha ndagala, ya pili nikaweka kokwa akiba, na ndagala wakamtafuna haragwe moja moja. Yeye alikuwa anaweka akiba ya kokwa, anamngojea mamba wake. Alipotimiza tano akamweka mkekani, akanisomea nambari zake kwa sauti, taratibu. Nikalipa kokwa mbili, nikaweka nyavu. Mamba akatoka. Zamu tano nyingine alijikusanyia, mimi ndagala wangu wanaendelea kula. Akamweka wa pili. Nyavu. Nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu na nikafurahi, nikafurahi kabisa, kwa moyo wangu wote, na sijawahi kujutia furaha hiyo hata baada ya yote. Alibaki na maharagwe mawili. Nikateremsha mwewe, nikanyoosha mkono, nikayachukua mwenyewe.

"Eeh, mama weee!" yule mama akapiga kelele. "Amemutoa! Amemutoa kabisa!"

Fundi baiskeli alisema, kwa upole wake, kwamba ameona yote na hakuna mkono uliochezewa. Shemeji alizikusanya karata zake. Alizigeuza nyuma na mbele, akaziinua hata juani. Kisha akaziweka chini, akainuka, akaingia ndani kwake, akatoka amevaa koti. Nakiri hilo. Alivaa koti.

Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kufika langoni. Fimbo mkononi, filimbi shingoni.

Nilimkimbilia. "Unakwenda wapi? Nimekushindia! Wameona wote, nimekushindia!"

Alinitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni aliyekuletea zawadi isiyokufaa.

"Murakoze, mwalimu," akanishukuru. Akafungua lango.

Nikamgeukia shemeji. Nilitegemea amwite. Alikuwa ameshindwa mbele ya mashahidi, amevaa koti, alikuwa na neno moja tu la kusema. Badala yake akaanza kufungua vifungo.

"Mwache," akaniambia. "Yule muzee alikuwa baba yetu. Hakuwa wako."

Yule mama alikunja mkeka, akanipa mfuko wa karata bila kunitazama.

Mume wangu alirudi Jumapili asubuhi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakinisikiliza hufika hapa na kushika vifua. Alirudi siku hiyo na alirudi kila Jumapili mpaka irondo ilipokomeshwa, na yupo, na analala mchana kupita kiasi. Shemeji sikumsamehe, na akijua sikumsamehe alinisalimia vizuri zaidi. Na lile aliloniambia kuhusu baba yao lilikuwa neno la kweli, na kwa hilo namchukia mara mbili.

Jumamosi iliyofuata nilikaa chumbani na mfuko mapajani, nikingoja kuitwa. Alasiri ikapita. Nilisikia vikombe, nikasikia yule mama akiuliza kama leo hakuna mchezo, nikasikia hakuna aliyemjibu. Nilipotoka, shemeji alikuwa barazani peke yake anakunywa chai, na mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu langoni. Hakuna aliyejisumbua tena kujifanya kwamba ni karata zilizoamua.